Nyota nne kwa kliniki ya chumba kimoja, Likoni

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya pazia, na pazia nitalifikia.

Jina la kliniki silitaji. Mwenyewe ameniomba nisilitaje, maana ana chumba kimoja na mabenchi mawili, na tangu wauguzi wa serikali waanze kugoma mwezi jana, Desemba 2020, watu wamejaa kwake mpaka kibarazani kwa kinyozi wa jirani. Ni muuguzi mkunga aliyestaafu, na huku kwetu anaitwa Sista, basi. Ukitaka kufika, teremka feri upande wa Likoni, panda mpaka kwenye matatu, ulizia mama mahamri. Huyo ni mimi. Ukinunua nitakuelekeza. Usiponunua pia nitakuelekeza, ila sitakuonjesha mbaazi.

Nadungwa sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, Depo, tangu kitindamimba wangu aache ziwa. Na miaka yote hiyo nilikuwa navuka maji kwenda kudungwa kisiwani Mombasa, ijapokuwa iko zahanati karibu na nyumbani. Sababu ni mavyaa, mama wa mume wangu. Mavyaa wangu ni mtu mwema, ananishikia watoto nikiwa kwenye karai, lakini yeye amezaa tisa na haoni kwa nini mimi nisimame kwenye watatu. Na pale zahanatini kila aliyekaa kwenye benchi ni shoga yake au binti wa shoga yake. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure, na nani atamwuliza mwuza mahamri aendaye Marikiti kununua iliki? Iliki nilinunua kweli. Kadi ya kliniki ilikaa chini ya mfuko wa unga.

Tarehe yangu ilikuwa Jumatano, 1 Aprili 2020. Kafyu ya korona ilikuwa imeanza Ijumaa iliyotangulia, tarehe 27 Machi, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ile Ijumaa yenyewe hapa kwetu haisahauliki: watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi majumbani walipigwa virungu na kurushiwa gesi ya machozi kabla hata hiyo saa moja haijafika. Jumatano hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa yaliyotendwa na polisi. Mimi sikuyasikia mpaka usiku. Mchana nilikuwa kwenye foleni ya feri, nimejifunika leso puani kwa sababu barakoa nilikuwa bado sina.

Kule kliniki, ambayo nayo siitaji lakini kwa sababu nyingine, askari wa mlangoni alinielekezea kipimajoto cha mfano wa bastola kwenye paji la uso. Akaniuliza nimefuata nini, kwa sauti ya mnadani.

“Sindano,” nikamwambia.

“Ya nini?”

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanaume wawili. “Ya kupanga.”

“Hiyo si dharura, mama. Rudi korona ikiisha.”

Korona ikiisha. Leo ni Januari 2021, na barakoa iko kwenye msumari hapa mlangoni, inaningoja nitoke.

Nilimwomba aniitie muuguzi yeyote, hata kwa dirishani. Akasema wote wana kazi. Kile chumba chetu cha kupanga uzazi nilikiona kwa mbali, mlango wazi, ndani vitanda vimepangwa juu ya vitanda. Ukutani kwenye lango pameandikwa nambari ya simu kwa rangi ya buluu. Niliipiga siku ile na siku tatu zilizofuata, jumla mara kumi na moja, nikihesabu. Yaita mpaka yakata. Na mwezi huo huo wa Aprili Wizara ya Afya ilitoa mwongozo kwamba huduma za uzazi, kupanga uzazi ikiwemo, ziendelee pamoja na korona. Nimekuja kuambiwa baadaye. Mwongozo ulikaa Nairobi, askari alikaa mlangoni.

Kwa asiyeijua sindano hii, nieleze kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini nilikuwa silali. Wengi wetu ikishakuzoea, hedhi yakata. Mimi tangu mwaka wa pili sioni kitu. Raha yake ni hiyo, na tarehe ikipita tabu yake ndiyo hiyo hiyo. Mwenye vidonge akikosea, mwezi utamwambia. Mimi sina mwezi wa kuniambia. Ningeweza kukaa na mimba nikidhani ni sindano, au nikakaa na sindano nikidhani ni mimba. Kila alfajiri moshi wa mafuta ukinipanda tumboni nikawa nasimama na mwiko mkononi, najiuliza.

Nilijaribu duka la dawa kwanza. Kijana wa pale ni mpole, lakini kaunta yake inatazama barabara, na watu walikuwa wamepanga foleni ya sanitaiza. Depo haikuwepo. Vidonge vilikuwepo, bei imepanda. Na alipotaka kuuliza kama ni za kupanga uzazi alivua barakoa ili nimsikie vizuri, wakasikia na wengine. Nyota mbili: moja kwa vidonge, moja kwa uso mzuri niliouona alipovua barakoa. Sikuvinunua. Kidonge cha kila siku, nyumba ya vyumba viwili, mavyaa na watoto watatu wasiokwenda shule, utakificha wapi?

Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, pamoja na Kilifi na Kwale: hakuna kutoka wala kuingia, isipokuwa mizigo. Likoni iko ndani ya Mombasa, kwa hiyo kuvuka kuliruhusiwa, lakini matatu ya abiria kumi na wanne ikawa yabeba wanane, na wale sita waliokosa viti nauli yao tukalipa sisi. Kwa kadi yangu siku hiyo ilikuwa imetimia wiki kumi na tatu tangu nidungwe. Na mume wangu ni utingo wa lori la Malaba, mpakani na Uganda. Mizigo haikufungiwa, kwa hiyo yeye alikuwa njiani, anakuja.

Aliyenipa nambari ya Sista ni mwenye tuktuk mmoja, mteja wangu wa alfajiri. Mkewe alikuwa amejifungua kwa Sista usiku wa kafyu. Alinieleza huku anakula: uchungu ulianza saa tatu, akafunga kitambaa cheupe kwenye kioo, akawasha taa zote mpaka ya ndani, akawa anaendesha polepole kama arusi ili askari waone. Kule Nairobi, Dkt. Jemimah Kariuki aliona wajawazito hawafiki hospitali usiku, akaanzisha Wheels for Life: mama alipiga simu bila malipo, daktari akamsikiliza, na ikiwa ni lazima afike, teksi ikamfuata bure. Niliisikia redioni nikatamani ivuke mpaka huku. Sisi tulikuwa na kitambaa cheupe.

Basi nikapiga. Alhamisi, tarehe 9, saa nne asubuhi. Ilipokelewa mlio wa tatu.

“Shikamoo, mama. Nauliza kama mwadunga Depo.”

“Marahaba, mwanangu. Nadunga, lakini leo sina. Ya mwisho nimeitumia asubuhi. Wewe ulidungwa lini?”

“Tarehe nane Januari.”

Akanyamaza kidogo, namsikia ahesabu. “Hujaharibikiwa. Hata ukipitisha wiki nne juu ya hiyo miezi mitatu, bado yadungwa. Wewe una mpaka tarehe sita Mei. Lakini usinifanye nikungoje mpaka hiyo sita. Bwana yupo?”

“Yuaja kesho.”

“Basi pita leo uchukue kondomu. Alhamisi ijayo nipigie kabla hujavaa buibui, usije bure.”

Hapo ndipo nyota tatu za kwanza zilipotoka, na Sista alikuwa bado hajanitia mkononi chochote. Nimefikiri sana kwa nini. Kule kisiwani labda dawa ilikuwepo kabatini, sijui, hakuna aliyeniambia. Huyu dawa hakuwa nayo, na akasema hana, akasema lini huenda akawa nayo, akanihesabia siku zangu, akaniambia nifanye nini kati ya leo na siku hiyo. Nilikata simu nikiwa sina sindano kama nilivyokuwa nilipopiga, na usiku ule nililala.

Kondomu alizifunga kwenye karatasi ya kaki kama ya njugu. Mume wangu alipoziona alicheka, akasema njia nzima mpaka Malaba hakuna aliyemgusa hata kwa salamu, na sasa hata nyumbani wamvisha. Lakini alivaa. Hilo nalo liandikwe, maana waume wasemwa vibaya tu. Majirani walikuwa wanamkimbia siku hizo, ati mtu wa lori ndiye aletaye korona, na mwezi wa Mei akapimwa mpakani na kukaa kwenye foleni ya malori siku nne. Alikuwa na haki ya kununa kuliko alivyonuna.

Alhamisi ya tarehe 16 nikapiga kabla ya kuvaa buibui. Zilikuwa zimefika kumi. “Moja nakuwekea mpaka saa saba.” Nilifika saa tano.

Nje pana mtungi wa maji wenye bomba, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye soksi ili kisiibwe. Kwenye benchi ameweka ndoo iliyopinduliwa kati ya mtu na mtu, na ukiiondoa ndoo ukae na shoga yako waondolewa wewe. Ndani alinipima presha, akanipima uzito, akanipa kikopo. Kipimo cha mimba tulikitazama pamoja, yeye ameketi na mimi nimesimama, na ule mstari mmoja ulipobaki mmoja nililia kidogo. Hakunikemea wala hakunibembeleza. Alikuwa anavunja kichupa.

Sindano 200, kipimo 100. Hospitali za serikali hiyo sindano ni bure, na mtu wa shilingi 300 wakati ule wa kafyu alikuwa mtu wa mahamri sitini. Simlaumu, ananunua kwa pesa yake. Lakini iandikwe kwamba ni pesa.

Nilimwuliza kwa nini dawa imeadimika, wakati mimi nikisimama pale feri naona meli zaingia Kilindini kila siku. Akanipa boksi nilisome. Limetengenezwa Ubelgiji, kwenye mji unaoitwa Puurs. Akasema mwanangu, hii imepita mikono mingi kabla ya wangu, na mwaka huu kila mkono umefungwa. Mwezi wa Machi India ilizuia baadhi ya malighafi za dawa zisitoke nchini mwao, na projesteroni, ambayo ni ndugu wa hii ya kwenye kichupa, ilikuwa kwenye orodha. Karex ya Malaysia, ambayo kondomu moja katika kila tano duniani yatoka kwake, viwanda vyake navyo vilifungwa kwa amri ya serikali yao. Alikuwa anayasema haya huku anafuta mkono wangu kwa pamba. Juzi redio imesema chanjo ya korona ya Pfizer inatengenezwa Puurs, nikaruka kama nimetajiwa kijiji cha mjomba.

Mwisho wa mwezi huo nilikuwa nakanda unga wa kufuturia, Ramadhani imeanza, misikiti imefungwa, na wateja wote waja saa kumi kwa pamoja ili wawe ndani kabla ya saa moja. Redio ikasoma makadirio ya UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu: mambo yakikaa hivi miezi sita, wanawake milioni 47 katika nchi zisizo tajiri huenda wakakosa njia za kupanga uzazi, na mimba milioni 7 ambazo hazikutakiwa zikapatikana. Mimi nilikuwa nimedungwa siku kumi na mbili. Nilijipapasa pale begani kwa mkono wenye unga.

Julai nikarudi, tarehe 9, siku mbili baada ya Mombasa kufunguliwa. Hapakuwa na kisa. Ila niseme habari ya ujumbe. Sista humkumbusha mteja siku moja kabla, na aliniuliza simu yangu husomwa na nani. Nikamwambia na kila mtu, watoto wachezea. Tangu hapo ujumbe wangu huja hivi: “Oda yangu ya mahamri ni kesho.” Na kweli humpelekea mahamri, ishirini, na kweli hulipa. Binti anayehudumia mabenchi ndiye atumaye ujumbe wa namna hiyo kwa kila mteja. Kuna mwanamke mmoja yeye huulizwa kama cherehani imepona.

Sasa pazia. Chumba ni kimoja, na panapodungwa pamegawanywa na leso kuukuu iliyopitishwa kwenye waya. Ni nyembamba, maandishi yake yamefutika, na haifiki ukutani. Aliye kwenye benchi la kwanza husikia kila kitu, na akiinama kufunga kiatu huona nusu. Kwa mtu anayejali siri za watu mpaka kwenye ujumbe wa simu, pazia lile sijalielewa. Nimemwambia mara mbili. Mara zote mbili amesema ataweka mbao.

Tarehe 1 Oktoba niliingia na bakuli langu la mahamri, na kwenye benchi la kwanza, karibu kabisa na leso, amekaa mavyaa. Kadi ya presha mapajani. Kumbe humfuata Sista tangu mwezi wa sita, maana naye zahanati ya jirani ilikuwa haimpimi.

“Wewe wafuata nini huku?”

Sikuwa na jibu. Sista akatoa kichwa nje ya leso. “Mama mahamri, umechelewa. Ingia unihesabie, za juzi zilipungua mbili.”

Nikaingia. Hakusema neno. Akaniandikia kwenye karatasi: *Presha?* Akanifunga kipimo, akaniandikia namba. Akaandika: *Kichwa? Damu?* Nikatikisa kichwa. Wakati huo wote anahesabu mahamri kwa sauti, moja, mbili, tatu, na alipofika kumi na moja nikasikia sindano. Kumi na mbili, kumi na tatu. Sijapata kuona kazi safi kama ile, na nimezaa mara tatu.

Nilimngoja mavyaa tukatoka pamoja. Tulipofika kwenye mwembe mkono ukaanza kuniuma, nikawa napasugua pale begani chini ya buibui, bila kufikiri.

Mavyaa hakunitazama. Alikuwa anatazama barabara. “Usipasugue,” akasema. “Pakisuguliwa, dawa hukimbia mapema.”

Tukaendelea kutembea. Sikumwuliza ameyajua wapi. Kufika nyumbani akachukua karai, akasema leo nipumzishe mkono.

Huenda utasema basi pazia halina neno, lilinifaa. Hapana. Walikuwepo wengine watatu kwenye lile benchi, na si kila mtu ana mavyaa kama wangu. Mwezi huo huo nilimwona msichana mmoja, shule zikiwa bado hazijafunguliwa kwa wote, amekaa robo saa, akasikia mwenzake akiulizwa nyuma ya leso, akainuka akaenda zake. Sista alimtuma binti amfuate kwa mlango wa nyuma, akarudi. Huyo alirudi.

Kasoro nyingine mbili. Kijiti haweki. Kinakaa mkononi miaka mitatu, kingine mitano, na kwa mwaka kama huu mtu angeepuka safari hizi zote. Yeye asema vifaa vya kuweka na kutoa hana, na kuweka asichoweza kutoa hataki. Namwelewa, lakini atakaye kijiti itabidi avuke. Na tarehe 24 Desemba, mgomo umepamba moto, sindano ilikuwa 250. Nilimwuliza mbele ya watu. Akasema na yeye ameuziwa ghali. Sikuridhika na nilimwambia sikuridhika, na mahamri ya siku ile nikamwuzia bei ya barabarani.

Juma lililopita nilipita kisiwani kwa daraja jipya la kuelea, lile la Liwatoni, kwa miguu, upepo wakupiga huku maji yako chini ya nyayo. Nikaenda mpaka kwenye ile kliniki yangu ya zamani. Lango limefungwa kwa mnyororo kwa sababu ya mgomo, na hilo siwalaumu wauguzi, wao walidai vifaa vya kujikinga na haki zao. Nambari ya buluu bado iko ukutani. Nikaipiga pale pale nimesimama, ya kumi na mbili, nikaisikia ikilia ndani.

Kwa anayetaka kwenda kwa Sista: beba kadi yako ya zamani hata kama imelowa, atakuhesabia. Piga simu kwanza. Ijumaa hafungui mpaka watu watoke msikitini. M-Pesa hutokea jina la mwanawe, usishtuke. Ukikaa, kaa benchi la pili. Tarehe yangu ni 18 Machi, na nikiikuta mbao nitakuja hapa kuongeza nyota.